Simu Ndogo ya Zamani katika Ukanda wa Arua na Koboko: Historia ya Uteuzi na Mafunzo yake kwa Sera ya Kiswahili nchini Uganda

Ikisiri

Mipango mingi ya kueneza Kiswahili kwa njia za kidijitali huchukulia kwamba mtumiaji anayo, au karibuni atakuwa nayo, simu janja mpya yenye kioo kikubwa. Makala haya yanaihoji dhana hiyo kwa kuchunguza historia ya simu ndogo katika ukanda wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yakiwemo maeneo ya vijijini kama Lurujo. Yanadai kwamba kushikilia simu ndogo ya zamani ni uteuzi wenye mantiki yake, uliojengwa na historia ya nishati, mpaka, kodi na gharama, na kwamba uteuzi huo una mfano katika historia ya redio. Aidha, yanaonesha kuwa maandishi ya Kiswahili sanifu yanaoana vizuri na mipaka ya kiufundi ya simu hizo. Mwisho, makala yanapendekeza kwamba sera ya Kiswahili ianze kupangwa kwa kuzingatia kioo kidogo kabla ya kuhamia kikubwa.

Istilahi muhimu: kitochi, simu janja, Kiswahili nchini Uganda, sera ya lugha, ujumbe mfupi

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hiyo ilikuja miaka 17 baada ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tangu hapo swali kubwa limekuwa la utekelezaji: walimu ni wachache, vitabu ni haba, na umbali kati ya vyuo vya Kampala na shule za pembezoni ni mrefu. Jibu linalorudiwa mara kwa mara katika mijadala ni teknolojia: programu za kujifunzia, kamusi za mtandaoni, video na madarasa ya mbali.

Jibu hilo lina nguvu, lakini limebeba dhana ambayo haijachunguzwa vya kutosha, kwamba historia ya simu ni mstari mmoja ulionyooka kutoka chombo kidogo hadi kikubwa, na kwamba anayebaki na kidogo amechelewa tu na atafika baadaye. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuutazama ukanda mmoja. Kwa "simu ndogo ya zamani" tunamaanisha vyombo vya aina mbili: simu ya vitufe, ambayo wengi Uganda huiita katochi, na simu janja za vizazi vya mwanzo, zenye kioo kisichozidi inchi nne hivi. Kiufundi aina hizi mbili hutofautiana sana. Katika matumizi, hata hivyo, zinakaribiana: zote huingia mfukoni mwa shati, hutumika kwa mkono mmoja, na mara nyingi betri yake huweza kutolewa kwa kucha.

2.0 Usuli: Ukanda na Lugha Yake

Nile Magharibi ni eneo ambalo mipaka imelihamisha mara kadhaa bila wakazi wake kuhama. Mwaka 1894 lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyokodishiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake likarudi Sudan mwaka 1910. Na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mji wa Arua ulianzishwa mwaka huohuo kama makao ya utawala. Leo Arua inatazamana na Kongo kupitia Vurra, na Koboko, iliyo kaskazini yake kwa zaidi ya kilomita 50, inatazamana na Sudan Kusini kupitia Oraba.

Kiswahili kiliingia huku kwa njia tofauti na ile ya pwani. Askari wa Emin Pasha, ambao vizazi vyao vilikuja kuitwa Wanubi, walitawanyika katika vituo vya jeshi la kikoloni wakiwa na Kinubi chao na, baadaye, Kiswahili cha kambini. Vijana wa Walugbara, Wakakwa na Waaringa waliojiunga na jeshi la King's African Rifles walirudi na lugha hiyo nyumbani. Idi Amin, ambaye asili yake inahusishwa na Wakakwa wa Koboko, aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, sehemu kubwa ya watu wa ukanda huu walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980. Ukimbizi huo uliongeza Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo katika vinywa vya watu.

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili hapa ni lugha ya kusikia na kusema zaidi kuliko ya kusoma na kuandika. Kimeishi sokoni, kambini, njiani na mpakani, mara chache darasani. Hali hii ni muhimu kwa mjadala wetu, kwa sababu simu ndogo ndiyo iliyowapa watu wengi wa ukanda huu nafasi ya kwanza ya kukiandika Kiswahili kwa hiari yao, bila mwalimu wala mtihani.

3.0 Kutoka Redio hadi Simu: Chombo Kidogo katika Historia

Kabla ya simu kulikuwa na redio, na historia ya redio barani Afrika inatupatia mfano wa kulinganisha. Redio za awali zilikuwa makabati ya mbao yaliyotegemea umeme wa ukutani. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ofisa wa habari Harry Franklin alifanikiwa kuishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ndogo ya bei nafuu inayotumia betri kavu. Umbo lake la alumini lilifanana na sufuria, nayo ikapewa jina hilo. Redio hiyo ilikuwa na uwezo mdogo kuliko kabati la mbao, lakini ndiyo iliyofika vijijini. Baadaye redio za transista ziliendeleza njia hiyohiyo, na kwa miongo mingi redio ndogo ya betri ndiyo iliyokuwa chombo cha habari cha kaya ya kijijini kote Afrika Mashariki.

Mfano huu unafundisha kwamba chombo kilichoshinda ni kile kilichoendana na nishati, kipato na mwendo wa mtumiaji. Ukubwa na wingi wa uwezo vilikuja baadaye, pale mazingira yaliporuhusu, na mara nyingi havikukifukuza kile kidogo. Mtu aliyenunua redio ya kaseti hakuitupa ile ya mkononi; aliipeleka shambani.

Simu ilifuata njia inayofanana. Celtel ilianza huduma nchini Uganda mwaka 1995, katika zama ambazo simu ilikuwa ya wachache wa mjini. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 iliunda Tume ya Mawasiliano ya Uganda na kufungua soko. MTN ikaingia mwaka 1998. Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili yanayohusu moja kwa moja vijiji. Kwanza, MTN kwa kushirikiana na Wakfu wa Grameen ilianzisha mpango wa simu za kijiji, ambapo mtu mmoja alikopeshwa simu na kuwauzia wenzake huduma ya kupiga. Pili, Nokia ilitoa modeli ya 1100, simu yenye kioo kisicho na rangi, kibonyezo kisichopitisha vumbi kwa urahisi, na tochi kichwani. Modeli hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, idadi ambayo simu chache mno zimewahi kuifikia.

Simu janja nazo zilianza zikiwa ndogo. Ile ya kwanza ya Apple, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom ya Kenya ilianza kuuza IDEOS ya Huawei, yenye kioo cha inchi 2.8, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Kwa Waafrika Mashariki wengi hiyo ndiyo iliyokuwa simu janja ya kwanza kuishika. Mwaka huohuo Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na tangu hapo mwelekeo wa viwanda ukawa ni kukuza. Leo simu nyingi mpya huzidi inchi sita. Hata hivyo, upendeleo wa kidogo haukutoweka, wala haukuwa wa maskini peke yao: Apple yenyewe ilieleza kuwa mwaka 2015 iliuza simu milioni 30 za inchi nne, wakati ambapo tayari ilikuwa na modeli kubwa zaidi madukani. Soko liliacha kutengeneza vidogo mapema kuliko watu walivyoacha kuvitaka.

4.0 Majina ya Simu kama Ushahidi

Kwa mtafiti wa lugha, majina ni kumbukumbu za kihistoria. Simu ndogo imepewa majina mengi katika ukanda wa Kiswahili: Tanzania ni kitochi na kiswaswadu, Kenya ni kabambe na mulika mwizi, Uganda ni katochi. Katika orodha hiyo mambo mawili yanajitokeza.

La kwanza ni kwamba majina matatu yanatokana na mwanga. Watumiaji hawakukiita chombo hiki kwa kazi ambayo kiwanda kilikikusudia, yaani kupiga na kupokea. Walikiita kwa kazi iliyokuwa na uhitaji mkubwa katika maisha yao, yaani kumulika. Mahali penye giza kuanzia saa moja jioni, tochi isiyohitaji betri yake peke yake ni jambo kubwa. Mulika mwizi linaeleza usalama wa nyumba. Kitochi na katochi yanaeleza njia ya kwenda msalani, zizini na kwa jirani.

La pili ni viambishi. Ki- na ka- ni viambishi vya udogo, na katika Kiswahili udogo unaweza kubeba dharau au mapenzi. Kwa kijana wa mjini, kitochi ni kejeli. Kwa mama muuza mihogo, ni kitu chake kidogo anachokitegemea, kama kisu au kikapu, maneno ambayo nayo yako katika ngeli hiyo bila kudharauliwa. Kinyume chake, istilahi "simu janja" inabeba tathmini ndani yake: ikiwa hii ni janja, ile nyingine imeachwa iwe ya kijinga. Istilahi sanifu imebeba msimamo wa soko, na wapangaji wa sera wanapoitumia hawana budi kutambua kwamba wameanza mjadala wakiwa upande mmoja.

5.0 Sababu za Uteuzi

5.1 Umeme na Betri

Kwa miaka mingi Nile Magharibi ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilitegemea jenereta ya mafuta mazito kwa ajili ya Arua na miji jirani, na umeme ulitolewa kwa saa chache. Bwawa dogo la Nyagak, lenye uwezo wa megawati 3.5, lilianza kuzalisha mwaka 2012, nalo halikutosheleza mahitaji ya mkoa mzima. Katika vijiji, simu imekuwa ikichajiwa kwa paneli ndogo ya jua au kwenye kibanda cha biashara ambako mteja huilipia na kuiacha kwa saa kadhaa.

Katika mazingira hayo, muda wa betri ni suala la bajeti. Simu ya vitufe hukaa siku kadhaa kwa chaji moja. Simu janja yenye kioo kikubwa huhitaji chaji kila siku, na pengine mara mbili. Mwenye simu ya pili hulipa kila siku, na kila siku hukaa bila simu kwa saa anazoiacha kibandani. Gharama hii haimo katika bei iliyoandikwa dukani.

Kuna pia suala la ukarabati. Betri ya Nokia aina ya BL-5C ilitumika katika modeli nyingi, na redio ndogo nyingi zilizotengenezwa China ziliundwa zitumie betri hiyohiyo. Kwa hiyo kaya moja inaweza kuwa na betri mbili zinazozunguka kati ya simu na redio: moja ikiwa kazini, nyingine kwenye chaji. Simu mpya zimefungwa kwa gundi, na betri yake hubadilishwa na fundi mwenye vifaa. Inafaa kukumbuka kwamba Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Jambo ambalo kijijini lilionekana kuwa la kizamani limerudi Brussels likiwa sheria.

5.2 Laini, Mpaka na Kodi

Mtu anayeishi karibu na mpaka wa nchi tatu huhitaji laini zaidi ya moja. Celtel iliondoa gharama za kuvuka mpaka kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, na Jumuiya ikaanzisha mtandao wa eneo moja mwaka 2014. Lakini kwa mfanyabiashara wa Koboko anayeuza Sudan Kusini na kununua Kongo, njia ya uhakika imekuwa ni kubadilisha laini. Simu za laini mbili zilizoletwa na kampuni kama Tecno na itel zilielewa hitaji hilo mapema kuliko kampuni kubwa za Ulaya. Chombo kidogo chenye laini mbili kikawa zana ya mpakani.

Fedha za simu ziliimarisha hali hiyo. MTN ilianzisha huduma hiyo Uganda mwaka 2009, ikiendeshwa kwa menyu za namba kama *165#, ambazo hufanya kazi katika simu yoyote bila intaneti. Kwa hiyo huduma muhimu kuliko zote za kifedha haikumtaka mteja abadilishe simu.

Kisha sera zenyewe zikawa na sauti. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Mwenye kitochi hakuguswa na kodi hizi mbili, ingawa aliguswa na ile ya kutoa fedha za simu. Mnamo Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Simu kubwa zilipoteza sehemu kubwa ya kazi zake. Kupiga na kutuma ujumbe mfupi kuliendelea. Ni vigumu kumlaumu mwananchi anayehifadhi simu ndogo kama akiba wakati serikali yenyewe imemwonesha kwamba intaneti inaweza kuondoka usiku mmoja.

5.3 Herufi Mia Moja na Sitini

Sababu ya tatu inahusu lugha yenyewe. Mwaka 1985 mhandisi Friedhelm Hillebrand alipendekeza kwamba herufi 160 zinatosha kwa ujumbe mfupi, na kipimo hicho kikawa kanuni ya dunia. Herufi hizo 160 hupatikana pale tu maandishi yanapotumia orodha ya msingi ya alama. Ikiingia hata alama moja iliyo nje ya orodha, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70.

Hapa Kiswahili kina bahati ya kihistoria. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia tahajia isiyo na alama za juu wala za chini ya herufi, tahajia inayoweza kuandikwa kwa taipureta yoyote. Uamuzi huo ulikifanya Kiswahili kiingie katika simu ya vitufe bila kupoteza kitu. Lugha nyingi za Afrika zinazoandikwa kwa herufi maalumu hazikupata nafasi hiyo.

Alama pekee ya kuangaliwa ni ritifaa ya ng'. Tuchukue ujumbe huu wa mfano: "Leteni ng'ombe wote uwanjani kesho asubuhi wapate chanjo. Huduma ni bure." Una alama 73 pamoja na nafasi. Ukiandikwa katika simu ya vitufe, ni ujumbe mmoja na bado nusu ya nafasi ipo. Lakini baadhi ya simu mpya na programu za uandishi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, alama ambayo haimo katika orodha ya msingi. Ujumbe uleule huvuka kikomo cha 70, hugawanyika na kuwa mbili, na mtumaji hulipa mara mbili. Ofisi inayotuma ujumbe huo kwa wafugaji 10,000 itagharimia jumbe 20,000 kwa sababu ya alama moja. Kilugbara na Kikakwa, ambazo huandika baadhi ya konsonanti zake kwa ritifaa, zinakumbwa na tatizo hilo mara nyingi zaidi. Huu ni mfano wa wazi wa chombo kipya kuihudumia lugha vibaya kuliko cha zamani.

6.0 Uteuzi au Ufukara?

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni kwamba tunakipamba kilema: watu wana simu ndogo kwa sababu hawana fedha za kununua kubwa, na kuliita jambo hilo uteuzi ni kuhalalisha ufukara. Pingamizi hili lina uzito na lazima lijibiwe kwa uangalifu.

Ni kweli kwamba bei ndiyo kizuizi cha kwanza kwa wengi. Ni kweli pia kwamba simu janja ina jambo ambalo kitochi haiwezi: ujumbe wa sauti. Katika jamii ambayo Kiswahili chake ni cha mdomo, uwezo wa kutuma sauti ni mkubwa kuliko uwezo wa kutuma maandishi, na mwenye Kinubi au Kiaringa ambaye hajawahi kuandika lugha yake hunufaika nao mara moja. Wakimbizi wa Bidibidi, Rhino Camp, Imvepi na Lobule, ambao jamaa zao wametawanyika katika nchi kadhaa, wana sababu nzito za kutamani kioo kikubwa chenye kuonesha sura ya mtu. Makala haya hayapendekezi waendelee kukosa.

Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Haumwelezi mfanyabiashara anayebeba simu mbili, kubwa kwa picha na mitandao, ndogo kwa kupiga na kwa fedha. Haumwelezi mwalimu ambaye simu yake kubwa hubaki nyumbani anapopanda bodaboda. Haumwelezi anayekataa simu ya mkopo kwa sababu simu hiyo hufungwa kwa mbali akikosa malipo ya siku, ilhali ya zamani ni mali yake kabisa. Watu hawa wanapima hatari, na kipimo chao kimetokana na uzoefu wa miaka mingi. Busara ya sera ni kuongeza uwezo wa kuchagua bila kudharau hesabu ambayo mtu tayari ameifanya.

7.0 Kufungiwa Mlango

Kinacholeta dharura ni kwamba uteuzi huu unaondolewa taratibu na maamuzi yanayofanywa mbali. Tarehe 1 Februari 2020, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android toleo la 2.3.7 na za kabla yake. Tarehe 1 Novemba 2021 ikafika toleo la 4.0.4. Simu za kizazi cha IDEOS, hata zikiwa nzima, zilikuwa zimeshaachwa. Kwa upande wa mitandao, Telstra ya Australia ilizima mtandao wa kizazi cha pili Desemba 2016, na AT&T ya Marekani ikafuata Januari 2017. Afrika Mashariki bado inautegemea mtandao huo, lakini shinikizo la kuachia masafa kwa teknolojia mpya litafika.

Kanda yetu ina kumbukumbu ya kuzimiwa simu. Kenya ilizifungia simu bandia zipatazo milioni 1.9 mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016. Sababu zilikuwa za halali, lakini walioumia zaidi walikuwa wanunuzi wa kipato cha chini ambao hawakujua kuwa simu zao ni bandia. Hiyo inatuonesha jinsi kundi kubwa la watu linavyoweza kutoka katika mawasiliano kwa siku moja.

Mfano mwingine unatoka katika fani yetu. Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano kiistilahi. Lakini ililenga kompyuta ya mezani katika miaka ileile ambayo mamilioni ya Waafrika Mashariki walikuwa wananunua simu ya vitufe. Kiswahili kilisubiri kwenye meza ambayo wasemaji wake wengi hawakuwahi kuikalia. Tukiandaa sasa kamusi na masomo ya Uganda kwa ajili ya simu kubwa mpya pekee, tutalirudia kosa hilo tukiwa na ushahidi mikononi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba katika ukanda wa Arua na Koboko simu ndogo ya zamani imedumu kwa sababu inaoana na umeme uliopo, mipaka iliyopo, kodi zilizopo na, kwa kiasi kikubwa, tahajia ya Kiswahili. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, utekelezaji wa azimio la mwaka 2022 uwe na tabaka la msingi linalofanya kazi katika simu yoyote: msamiati na mazoezi kwa ujumbe mfupi, menyu za namba kwa Kiswahili, na vipindi vya redio za mkoa, kwa kuwa kitochi nyingi zina redio ya FM isiyohitaji data. Radio Pacis ya Arua na vituo vingine vya ukanda huo tayari vina wasikilizaji. Kinachohitajika ni masomo yaliyoandaliwa kwa ajili yao.

Pili, vyombo vya istilahi vizingatie urefu wa maneno pamoja na ueleweka wake. Skrini moja ya menyu ya namba huchukua alama 182 tu. "Nywila" ina herufi sita na "neno la siri" huchukua nafasi 12. La kwanza ni fupi, la pili linaeleweka Koboko bila kufundishwa. Mizani hiyo ipimwe kwa watumiaji wenyewe, na matokeo yake yaandikwe katika mwongozo.

Tatu, kila taasisi inayotuma jumbe za umma kwa Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa itumie ritifaa iliyonyooka, na mifumo yake ikaguliwe. Marekebisho haya hayahitaji bajeti mpya, na yanaweza kupunguza gharama za jumbe husika hadi nusu.

Nne, mamlaka za mawasiliano za nchi wanachama, kabla ya kukubali kuzimwa kwa mtandao wa kizazi cha pili, zidai tathmini ya athari zake kwa lugha na huduma za umma katika maeneo ya mpakani, na wataalamu wa Kiswahili washirikishwe katika tathmini hiyo.

Simu kubwa itaendelea kuenea Lurujo na kwingineko, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa shule ya msingi anayeanza Kiswahili mwaka huu atasoma jioni kwa chombo kilichopo nyumbani mwao sasa. Tukilifikisha somo kwenye chombo hicho, atakuwa amelipata kabla ya simu kubwa kufika.